Maswali Yenu: Chakula cha Usiku Kiliwe Saa Ngapi?

Barua za toleo hili zimetoka Lamu, na karibu zote zinazunguka jambo moja: chakula cha usiku. Upande wa dini umejibiwa na mwalimu wa fiqhi (sheria za dini) ya Imamu Shafii, upande wa mwili umejibiwa na mtaalamu wa lishe. Palipokutana maneno yao tumeyaunganisha.

Tunakula saa nne, tunalala saa nne na nusu

Swali: Assalamu alaykum. Mume wangu akishasali Isha hukaa barazani na wenzake mpaka saa nne. Akirudi ndipo tunapopakua wali na mchuzi, na kwa kuwa tumekaa na njaa tunakula kweli kweli. Nusu saa haijapita tumeshalala. Sasa sote wawili tuna kiungulia. Nimeletewa ujumbe kwenye simu kwamba Mtume (s.a.w.) aliharamisha kula baada ya Isha. Mwengine unasema asiyekula usiku huzeeka upesi. Tushike upi? Bibi wa Langoni, Lamu.

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yetu. Usishike hata mmoja. Hakuna Hadithi sahihi inayoharamisha kula baada ya Isha. Hiyo ya kuzeeka ipo kwa Tirmidhi, mkusanyaji wa Hadithi, inayosema watu wale cha usiku japo gao la tende dhaifu, kwani kukiacha kunazeesha. Lakini Tirmidhi mwenyewe ameieleza kuwa ni munkari, maana yake haifai kutegemewa. Iko na ya tatu inayozunguka sana, ya kuyeyusha chakula kwa dhikri na Sala na kutolala juu yake. Hiyo nayo wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha, na wako walioihesabu miongoni mwa zilizozuliwa. Tunawaomba wasomaji: neno likija kwenye simu kwa jina la Mtume (s.a.w.) bila kutajwa limepokewa na nani, lisipelekwe mbele. Kumzulia yeye si sawa na kumzulia mtu mwengine.

Lililothibiti ni hili alilolipokea Anas bin Malik (r.a.), liko kwa Bukhari na Muslim: chakula cha usiku kikishatengwa, anzeni nacho kabla hamjasali Maghribi, wala msikifanyie haraka. Makusudi yake ni Sala: mtu asisimame mbele ya Mola wake na moyo uko kwenye sinia. Lakini hapo hapo tunaona kwamba chakula cha usiku cha Madina kilikuwa tayari wakati wa Maghribi. Vilevile Abu Barza (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wameyavua humo mazungumzo na mgeni, na ahli (watu wa nyumbani), na ya elimu, kwa hiyo usiende kumwambia mumeo kwamba baraza yake ni haramu. Dini haikuweka saa maalumu ya kula. Ila mwenendo wa jioni uliokuwa ukifuatwa ndio huo, na mwili unauafiki.

Unauafiki kwa sababu mbili. Chakula chenye mafuta na nazi huweza kukaa tumboni saa nne kabla hakijateremka chote. Ukilala kabla ya hapo, asidi ya tumbo hupanda kooni, na hicho ndicho kiungulia chenu. Pili, mwili wa mtu usiku huishughulikia sukari kwa uzito kuliko asubuhi; wali ule ule, kiasi kile kile, huiacha sukari ya damu juu kwa muda mrefu zaidi ukiliwa usiku. Kwa hiyo kanuni tunayoishika ni kumaliza kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, na ikishindikana kabisa, saa mbili.

Sasa tuitie kwenye saa ya Lamu. Jua hapa huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na dakika 40, kwa kutegemea mwezi, na Isha huingia dakika 70 hivi baada ya jua kuzama. Mna nafasi mbili. Ya kwanza ni kula baina ya Maghribi na Isha: mkishasali mkakaa kwenye jamvi saa moja kasorobo hivi, mna nusu saa au zaidi ya kula kwa utulivu, kisha mtu anatembea kwenda msikitini kusali Isha, na huko kutembea dakika 10 au 15 ni dawa kubwa ya sukari ya damu. Ya pili ni kula mara baada ya Isha, kabla ya baraza, mkamaliza saa mbili na nusu. Sisi tunapendelea ya kwanza, hasa penye watoto na wazee.

Kinachovunja mpango huu mara nyingi ni jiko. Mwenye kuanza kukuna nazi baada ya Maghribi hawezi kupakua kabla ya saa mbili. Mchuzi upikwe baada ya Alasiri, saa kumi na nusu hivi, na wali uwekwe motoni saa kumi na moja na nusu. Mchele wenyewe uwe umeshachaguliwa na kuoshwa. Wanaume wa nyumba nao wana mikono ya kukunia nazi.

Kikwazo cha pili ni kwamba mumeo, hata akila mapema, atarudi saa nne akijihisi ana njaa. Hiyo ni njaa ya mazoea, na mazoea hayaondoki kwa siku moja. Mpe tunda, au kikombe cha maziwa bila sukari. Usimpe mkate wa kumimina na chai, maana hapo mmerudi mlipotoka na mmeongeza mlo wa nne. Muulize pia barazani anakula nini. Kahawa chungu peke yake si tatizo la tumbo la kila mtu, ingawa kwa mwenye kiungulia huchochea na usingizi huukimbiza; lakini kahawa na haluwa na viazi vya karai, kisha wali nyumbani, ni chakula cha watu wawili.

Ikiwa hawezi kabisa kurudi mapema, wewe na watoto kuleni wakati wenu, hakuna dhambi. Mwekee fungu lake, liwe dogo. Lakini siku kadhaa katika wiki kubalianeni mle pamoja, kwani Masahaba waliposhtaki kwamba wanakula wala hawashibi, waliambiwa wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu.

Kiungulia kikiendelea baada ya wiki tatu za mpango huu, au mkiona shida ya kumeza, choo cheusi, kupungua mwili bila sababu, nendeni hospitali. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya hayangojewi hata saa moja.

Kulala ubavu wa kulia kunanizidishia kiungulia

Swali: Nimefundishwa tangu chuo cha Qur'ani kulala ubavu wa kulia. Daktari ananiambia nilale wa kushoto. Nafanya makosa nikimfuata? M.S., Mkomani.

Jibu: Hufanyi makosa. Kuanza kwa ubavu wa kulia, na udhu na dua, ni Sunna iliyothibiti kwa Hadithi ya Baraa bin Azib (r.a.), lakini si wajibu, wala hakuna aliyesema mtu akae ubavu mmoja mpaka Alfajiri. Lala wa kulia, soma dua yako, kisha geukia kushoto. Kwa umbo la tumbo, ukilala kushoto asidi hubaki chini ya mlango wa koo la chakula, na ukilala kulia huwa karibu na mlango huo.

Inua pia kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu miwili ya kitanda. Mito miwili mitatu haifanyi kazi hiyo. Hukunja kiuno, tumbo likabanwa, na hali ikazidi.

Theluthi ya tumbo ni vijiko vingapi?

Swali: Tunasikia kila Ijumaa kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Nani anayeweza kupima theluthi ya tumbo lake? Nataka jibu la jikoni, si la mimbarini. Kijana wa Shela.

Jibu: Swali zuri, na jibu lake linaanza kwa kuisoma Hadithi yenyewe mpaka mwisho. Miqdam bin Maadikarib (r.a.) amepokea, nayo iko kwa Tirmidhi, kwamba mwanadamu hakujaza chombo kibaya kuliko tumbo, vinamtosha vitonge vichache vya kumnyoosha mgongo. Kisha ndipo ikaja: ikiwa hapana budi, basi theluthi kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, theluthi kwa pumzi. Kwa hiyo theluthi ni ukomo wa asiyeweza kujizuia. Lengo ni vile vitonge. Wengi wetu tumeigeuza ruhusa ikawa ndiyo Sunna, na hata hiyo ruhusa tunaipita.

Tuje jikoni. Mtu mzima asiyefanya kazi nzito, wali wake wa usiku ni kikombe kimoja uliokwisha iva, au kimoja na nusu kwa kijana kama wewe. Mchele mkavu ukiiva hufanya karibu mara tatu ya ujazo wake. Nyumba ya watu sita ikipika nusu kilo, kila mmoja anapata kiasi hicho. Nyumba nyingi za watu sita hupika kilo, na kilo ikishapikwa italiwa, kwani hakuna anayetaka kuona wali umebaki. Kiasi cha kula hakiamuliwi kwenye sinia, kimeshaamuliwa kwenye kipimo cha mchele.

Ukipunguza wali pasipo kuweka kitu mahali pake, saa tano usiku utajikuta unatafuta mkate. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa na kudhani Sunna ni ngumu. Nusu ya unachokula iwe mboga: mchicha, bamia, majani ya mronge, biringani, kachumbari ya nyanya na tango na ndimu. Robo iwe samaki, kunde au pojo. Robo iliyobaki ndiyo wali au mkate. Samaki wa kiganja kimoja bila vidole anatosha. Anza na mboga na samaki, uje kwenye wali mwisho.

Na nazi. Lamu tunaweza kuwa na wali wa nazi, mchuzi wa nazi na mbaazi za nazi kwenye sinia moja, na tui zito kote. Nazi ni neema, hatusemi iachwe. Tunasema usiku ichaguliwe sehemu moja. Ukiwa na samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Ukitaka wali wa nazi, samaki achomwe kwa ndimu na pilipili. Tui zito la kwanza linaweza kupunguzwa nusu, ukatumia zaidi tui la pili, na ladha isipotee sana.

Adabu za kula zinasaidia kupima kuliko kijiko. Habari ya kwamba tumbo limepata huchukua dakika 20 hivi kufika kichwani. Mwenye kula kwa vidole vitatu, kitonge kidogo, akakitafuna na kukimeza kabla ya kuchukua cha pili, akala cha mbele yake kama alivyofundishwa Umar bin Abi Salama (r.a.) alipokuwa mtoto, habari hiyo humfikia bado yuko kwenye jamvi. Mwenye kula dakika saba humfikia ameshavuka. Maji nayo yanywewe kwa pumzi tatu, nje ya chombo, bila kupulizia ndani. Soda haiingii kwenye theluthi ya maji. Chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vidogo saba au nane, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na bora isipite 25, yaani vijiko sita. Hesabu na chai zako humo.

Alama ya kuacha ni hii: unapoinuka bado ungeweza kula vitonge vitano na ukavifurahia. Ukihitaji kulegeza msuli uliovaa kiunoni, umechelewa. Kula juu ya shibe ni makuruhu (jambo la kuchukiwa) kwa Mashafii, na kukidhuru huwa haramu.

Mama ana sukari na anataka kuacha chakula cha usiku

Swali: Bi mkubwa wetu ana miaka 66, ana sukari, anatumia vidonge asubuhi na jioni. Anafunga Jumatatu na Alkhamisi, na sasa anasema mtu wa ibada asile usiku, anakunywa maji tu na kulala. Usiku mmoja tulimkuta ametota jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Tumwambie nini bila kumvunjia heshima? Binti yake, Matondoni.

Jibu: Mwambieni kwa upole kwamba mwili una haki yake. Maneno hayo aliambiwa Abdullah bin Amr (r.a.) na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, pale alipokuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Funga ya Jumatatu na Alkhamisi ni Sunna, na Sunna haiendewi kwa njia ya madhara. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29: wala msijiue. Mama haachi ibada akila. Anakula ili aweze kuamka kusali.

Mliyoyaona yale ni dalili za sukari kushuka. Angalieni jina la vidonge. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka hapo. Glibenklamidi na jamaa zake huishusha, na ikimezwa kisha mtu asile, hatari huwa usiku amelala na hakuna anayemwona. Mwenye insulini ni hivyo hivyo. Asimeze kidonge cha jioni bila chakula, wala asiache kidonge kwa kujiamulia. Mpelekeni kwa daktari wiki hii hii, apangiwe dawa upya, na mpaka hapo funga za Sunna azisimamishe.

Ikitokea tena, msitafute kwanza mashine ya kupimia. Akiwa anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji. Ngojeni dakika 15, mpime. Ikiwa bado iko chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), rudieni. Ikishapanda, apewe kitu cha kukaa: kipande cha mkate au ndizi. Haluwa haifai kwa dharura hii, samli yake huichelewesha sukari kufika. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali.

Chakula chake cha kila usiku kiwe saa moja, kikombe cha wali au kipande cha mkate wa mofa, samaki, mboga nyingi. Papa mkavu na ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) wana chumvi nyingi; kama ana presha pia, walowekwe na maji yamwagwe, na wasiliwe kila siku.

Wali wa kiporo

Swali: Kwetu wali unaobaki usiku hufunikwa jikoni na kuliwa asubuhi na chai. Mtaalamu mmoja ametukataza. Tukiumwaga si israfu? Mama wa Kipungani.

Jibu: Kufunika mmefanya vyema. Jabir (r.a.) amepokea amri ya kufunika vyombo usiku, hata kama ni kwa kulaza kijiti juu yake. Lakini kifuniko huzuia mende na vumbi, hakizuii joto. Ndani ya mchele muna vijidudu ambavyo mbegu zao haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukikaa katika joto la pwani usiku kucha, mbegu huchipuka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka ukaungua. Mtu hutapika kati ya saa moja na saa sita baada ya kula. Wali wa nazi una mashaka mawili, kwa kuwa tui nalo huchacha.

Mwenye friji autandaze kwenye sinia upoe, auingize ndani ya saa mbili tangu kuiva, aule kesho yake, aupashe mpaka utoe mvuke kote, na asiupashe mara ya pili. Asiye na friji asilaze wali. Kuumwaga ulioharibika si israfu, maana kula chenye kudhuru hakukuamrishwa. Israfu ilitokea pale mlipopima mchele. Na kama mnajua mmepika zaidi, mpelekeeni jirani ungali wa moto, Abu Dharr (r.a.) aliusiwa azidishe maji ya mchuzi na awaangalie jirani zake.

Futari nzito na Tarawehe

Swali: Ramadhani nikishafuturu siwezi kusimama Tarawehe kwa uzito wa tumbo. Nifuturu vipi? Mvuvi, Lamu.

Jibu: Usichelewe kufuturu: tende tatu na glasi mbili za maji, sali Maghribi. Kisha kula chakula kimoja, uji au shurba na samaki na mboga, si mbaazi na mahamri na muhogo na tambi na kaimati vyote. Ukitaka kaimati, mbili. Wali ubakishie daku, na daku usiile saa sita ya usiku ukalala, Zaid bin Thabit (r.a.) ameeleza kwamba baina ya daku waliyokula pamoja na Mtume (s.a.w.) na Sala palikuwa na muda wa kusoma aya 50. Wewe unayekwenda baharini na jua, kwenye daku punguza achari na ng'onda, zitakutia kiu kabla ya saa nne asubuhi.